Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fungu la Safari na Kijitabu cha Garratt za Daraja la 59

Ndugu wanachama,

Mikutano ya robo mwaka ilifanyika, ziara ya Makumbusho ya Reli Nairobi ilifanyika, na maktaba hufunguliwa Jumamosi kama kawaida. Hayo mnayajua.

Lililozua maneno ni fungu la fedha za safari ya treni ya mvuke, ambalo kamati ililielekeza kwenye kijitabu cha Garratt za daraja (yaani aina) la 59 za reli ya Afrika Mashariki. Garratt ni injini ya mvuke yenye boila moja katikati ya seti mbili za magurudumu. Pendekezo lilikuwa langu na bado nalisimamia.

Injini hizo 34, namba 5901 hadi 5934, ziliundwa na Beyer, Peacock wa Manchester, zikafika 1955 na 1956, shehena ikiwa imerundikana bandarini Mombasa. Zilipewa majina ya milima yetu. Kila moja ilikuwa na tani 252 hivi, magurudumu yaliyopangwa 4-8-2+2-8-4, na kwenye reli ya upana wa mita moja hakuna injini ya mvuke duniani iliyozizidi nguvu. Zilipandisha treni za tani 1,200 hadi Nairobi kwenye miinuko ya asilimia 1.5. Kufikia 1980 zilikuwa zimeondolewa kazini. Zimebaki mbili: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena.

Wanaosema "tungewasha tu" mojawapo ya hizo mbili kwa fungu la safari wazingatie kazi yenyewe. Injini hizi huchoma mafuta ya tanuru, nayo ni mazito, hayatiririki mpaka yapashwe moto, na kichomeo hakifanyi kazi bila mvuke wa kuyapuliza yawe ukungu. Injini iliyopoa haina mvuke huo, basi huletwa mvuke au hewa ya kompresa kutoka nje. Moto ukiharakishwa, kisanduku cha moto hutanuka kabla ya ganda la boila: vijiti vinavyoviunganisha hukatika na ncha za mirija huvuja. Kabla ya yote hayo, boila hupimwa kwa maji kupita shinikizo lake la kazi, ratili 225 kwa inchi ya mraba. Kisha kuna viungo vya mviringo vya mabomba ya mvuke, vinavyocheza kila kona; pakingi ikichakaa, mvuke unapotea kabla ya kufika silinda. Fungu letu lisingemaliza hata mirija.

Madereva na wapiga moto wa injini hizo ni wazee sasa. Wao ndio wanaojua jinsi maji ya tangi la mbele yalivyopungua, uzito ukaliondoka gurudumu, injini ikaanza kuteleza mlimani, na mchanga ukamwagwa wakati gani. Hayo hayamo kwenye michoro ya kiwanda; ndiyo ya kuandikwa kijitabuni. Orodha ya namba na majina nimeioanisha mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Mahudhurio yanasikitisha. Wanachama ni 71, waliolipa ada 26, mkutano wa Septemba ulikuwa na watu 9, na waliolalamika kwa sauti kubwa zaidi hawakuwamo. Mkutano wenye watu 9 hauwezi kubatilisha uamuzi wa kamati.

Mwakani tunatarajia kuchapisha, na Mungu akijalia, kugusia injini za daraja la 60. Ada zilipwe kwa mhazini kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti