Pesa ya Msingi Ipo, Chimbeni Mashimo Kwanza

Dallas, Jumapili usiku

Dada Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Baridi ipo na mgongo unauma kidogo, basi.

Tangu niseme udongo upimwe kabla ya kumjengea Mama nyumba, ujumbe wa sauti wa Baba Mdogo nimeusikiliza mara tatu. "Katusahau, sasa anatupimia udongo kama anatuchimbia kaburi." Yameniuma, Dada. Kiwanja cha Misugusugu, pale Kibaha, nimekilipia mwenyewe mpaka shilingi ya mwisho, na hati nikaandikisha jina la Mama. Sikumjibu mbele ya ukoo kwa sababu ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tatu, na hilo silisahau. Lakini wewe nakueleza ili umfikishie kwa adabu yako.

Anasema ardhi ya pale ni ngumu, sururu inadunda, futi 2 za msingi zinatosha. Ugumu huo ndio unaonitia hofu. Sasa hivi ni kiangazi, na udongo wa mfinyanzi ukikauka huwa jiwe. Ngoja masika ya Machi. Unakunywa maji, unavimba, unanyanyua ukuta. Jua likirudi unasinyaa na kuuacha ukuta hauna pa kukalia. Na hauvimbi sawasawa. Pembeni, maji yanakoingilia, unapanda, wakati katikati ya nyumba bado ni pakavu. Ukuta wa tofali haujui kupinda, kwa hiyo unapasuka.

Unaukumbuka ufa wa chumbani kwa Mama? Ulivyopanda ngazi kwa ngazi kutoka kona ya dirisha, Baba akauziba kwa saruji kila mwaka na kila mwaka ukafunguka? Na ule mlango uliogoma kufungwa wakati wa mvua, ikifika Septemba unafunguka wenyewe? Baba aliamini fundi Athumani aliiba saruji. Wakagombana hadi tukamzika Baba bila Athumani kukanyaga msibani.

Wiki yangu ya tatu kwenye kazi hii ya kutengeneza misingi ya nyumba niliingia nyumba ya bibi mmoja huku Dallas nikauona ufa uleule. Kona ya dirisha, ngazi kwa ngazi. Nilisimama na chepe mkononi nisijue la kufanya. Ukanda huu una udongo mweusi kama wa mbuga zetu, mmojawapo unaitwa Houston Black, na kiangazi watu hutandaza mipira ya maji kuzunguka msingi, wanaunywesha kama bustani ili udongo usisinyae. Nilitaka kumpigia Baba simu. Alikuwa na miaka miwili kaburini.

Wala si mambo ya Marekani tu. Mwaka 2008 Mtanzania mwenzetu alipata shahada ya uzamivu kule Stockholm kwa kuchunguza nyumba zinazopasuliwa na udongo unaovimba Kibaha. Kibaha yetu hiyohiyo.

Sasa hivi nawaongoza watu 6. Tunasukuma nguzo chini ya nyumba kwa jeki mpaka zikatae kushuka, halafu nyumba nzima inanyanyuka kidogo kidogo. Mwezi uliopita, tulipomaliza, nilimwita mwenye nyumba nikamfungia mlango wa chumba chake kwa kidole kimoja. Ulikuwa haufungiki kwa miaka. Alilia yule mzee. Mwambie Mama hilo, atafurahi.

Kwa hiyo nisikilizeni. Nimetuma laki moja na nusu ya vibarua. Wachimbe mashimo mawili ya mita 2, moja upande wa bondeni, jingine upande wa juu karibu na mwembe. Yawe mapana, mtu asishuke peke yake, na jioni yafunikwe. Watoto wa jirani wanapita pale. Kila udongo unapobadilika rangi, jaza mfuko mmoja na uandike ni kina gani. Ukivunja bonge ukakuta nyuso zinateleza na kung'aa kama zimepakwa mafuta, nipigie siku hiyohiyo.

Halafu chukua chupa ya maziwa ya mtoto, ile yenye alama za vipimo. Udongo uukaushe, uutwange, uuchekeche kwa chekecheo la chai. Weka maji mpaka alama ya 200, mimina humo udongo wa mililita 20, uache siku nzima. Ukibaki kwenye 20 au ukazidi kidogo, nitalala usingizi. Ukifika 30 tuna jambo la kuzungumza. Ukifika 40, pale hakuna msingi wa futi 2. Chupa haitoshi kuwa hukumu ya mwisho, mifuko mingine ipelekwe maabara ya udongo pale Chuo Kikuu, Mlimani. Gharama ni yangu.

Ukiwa mfinyanzi hatukihami kiwanja. Tutauondoa, tujaze moramu, ule udongo wa changarawe, inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Mchanga mtupu hapana, hata Baba Mdogo akisema ni rahisi. Mchanga katikati ya mfinyanzi ni beseni, maji yakiingia hayana pa kutokea. Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke nyumba nzima, kibaraza pande zote, maji ya bati yapelekwe mbali, shimo la choo lisikae karibu na ukuta. Pesa itakayoongezeka nitaipata kwa kupunguza chumba kimoja. Vitatu vinatosha. Najua Baba Mdogo alishajihesabia cha nne, na hapo ndipo kelele zilipoanzia, lakini mlango wa Mama lazima ufungike masika na kiangazi.

Leo nimepika mihogo ya barafu kutoka dukani. Haikuiva vizuri, ina nyuzi. Nimeikumbuka ile ya Mama, na harufu ya udongo wa uani mvua ya kwanza ikigusa.

Moja la mwisho. Nenda kwa mzee Athumani kabla ya kuita vibarua. Nenda na sukari na kanga ya mkewe. Mwambie mtoto wa marehemu anaomba radhi, saruji haikuibwa. Kisha muombe aje ayaone mashimo, na akikubali, kazi ya msingi ni yake.

Ndugu yako,
Juma