Kuhusu hiyo "m/w/d" kwenye tangazo la kazi

Leipzig

Mpendwa Neema,

Nifikishie shikamoo kwa bibi. Ama baada ya salamu, tangazo la mafunzo ya uuguzi nimelisoma. Uliuliza kama "m/w/d" maana yake wanatafuta mashoga. La hasha. M ni mwanamume, w ni mwanamke, d ni "divers", mtu asiyeandikishwa kuwa mume wala mke. Ujerumani iliongeza nafasi hiyo mwishoni mwa 2018, kwanza kwa ajili ya wenye jinsi tata, wanaoitwa huntha huko kwetu. Kenya nayo iliwahesabu kwenye sensa ya 2019, wakapatikana 1,524. Mwajiri anaandika herufi hizo kujikinga pia: akionekana kubagua, mwombaji aliyekataliwa anaweza kumdai fidia, na ana miezi miwili ya kudai kwa maandishi.

Herufi hizo hazigusi mapenzi. Mtu anavyojijua, mume, mke au la, huo ni utambulisho wa kijinsia. Anayempenda ni habari nyingine. Aliyeandikwa mvulana alipozaliwa na sasa anaishi kama mwanamke huitwa trans. Akiolewa na mwanamume, basi ni mwanamke mwenye mume. Mwanamume anayependa wanaume hujiita "schwul". Ukiwasikia vijana wakilitumia neno hilo kuponda kitu kibovu, usiwaige.

Fomu ya viza ijaze kama pasipoti inavyosema. Kwenye usaili hawana ruhusa ya kukuuliza unampenda nani.

Kazi yenyewe iko wodini. "Yeye" wetu hana uke wala ume, ndiyo maana Waswahili wengi huku humwita mama wa watu "er" (yeye wa kiume) badala ya "sie" (yeye wa kike). Kwa mgonjwa trans kosa hilo linauma zaidi. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 mtu hubadilisha jina na jinsi kwa msajili, Standesamt, bila daktari wala hakimu: anatoa taarifa, anasubiri miezi mitatu, kisha anakwenda mwenyewe kutamka. Akipitisha miezi sita tangu ile taarifa, anaanza upya. Katikati hapo kadi yake ya bima huenda bado ina jina la zamani, na muuguzi akiliita kwa sauti ukumbini, watu wote wameshajua siri yake. Msogelee, muulize taratibu: "Wie möchten Sie angesprochen werden?", yaani ungependa kuitwaje. Jibu lake liingie kwenye ripoti ya zamu, wenzako wasirudie kosa. Ila kwenye dawa na damu, hakiki kwa mkanda wa mkononi na tarehe ya kuzaliwa, hapo hakuna mzaha.

Ukiteleza sema "Entschuldigung" (samahani), rekebisha, endelea. Ukiomba radhi dakika tano, mgonjwa ndiye atakayeanza kukubembeleza wewe.

Barua ya maombi iandikie jina lililotajwa kwenye tangazo. Kama hujui ni bwana au bibi, weka "Guten Tag" na majina yake yote mawili, usikisie. Nitumie rasimu kabla hujaituma.

Shangazi yako