Hasira Yako Ina Macho: barua kwa vijana wa kiume wa Dodoma

Wajukuu zangu, mbukwenyi.

Jumamosi iliyopita niliitwa kwenye kikao cha usuluhishi huku kwetu Mpunguzi. Tulikaa chini ya mwarobaini tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Kijana mmoja alikuwa amempiga mkewe mpaka jino likang'oka. Simtaji jina, na mnaomjua nawaomba msimtaje. Alipoambiwa ajieleze alisimama, akavua kofia kwa adabu, akasema: "Babu, kosa silikatai. Lakini ndivyo nilivyo. Marehemu baba alikuwa hivi, na baba yake alikuwa hivi. Hii ni damu."

Nilisubiri wazee wenzangu wamkemee. Mmoja akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, ukoo ule una hasira tangu zamani. Mwingine akaongeza kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kifua kilinibana. Usiku sikulala, na barua hii ndiyo iliyotoka katika usiku ule.

Kijana yule namfahamu vizuri. Msimu wa kupogoa zabibu ukifika humwita shambani kwangu, kwa kuwa sijaona mkono kama wake. Hupiga goti mbele ya shina, hushika tawi, huhesabu macho yanakotokea machipukizi, moja, mawili, matatu, kisha mkasi hutulia kidogo kabla ya kukata. Akiona jicho limekaa vibaya, huurudisha mkasi nyuma na kuanza upya. Shina baada ya shina, toka alfajiri hadi jua linapochoma mgongo, sijapata kumwona akikata kwa pupa. Sasa mkono huo unaojua kusubiri mbele ya mzabibu, unakosaje kusubiri mbele ya mke?

Kuna zaidi. Mavuno yaliyopita mnunuzi alimpunja kwenye mizani, mimi nikiwa nimesimama pale. Aliona, nikaona kwamba ameona. Akameza mate, akapokea pesa, akasema asante bosi. Siku nyingine askari alimsimamisha barabarani na pikipiki yake, akamsemesha maneno makali mbele za watu. Jibu lake lilikuwa "samahani afande", tena na tena. Hiyo hasira ya ukoo ilikuwa wapi siku hizo? Damu si ilikuwa ileile?

Hasira yako ina macho, mjukuu wangu. Inamwona mwenye pesa, inampisha. Inamwona mwenye pingu, inampisha. Inakaa kimya njia nzima mpaka ifike nyumbani, mlango ufungwe, imkute mtu asiyeweza kurudisha. Kitu kinachojua kumchagua wa kumpiga, usiniambie kimekosa hiari.

Mkewe alipewa nafasi ya kusema mwishoni, wakati watu wameshaanza kutazama saa. Alisema neno moja tu: "Mama mkwe akiwepo hanigusi." Halikuandikwa kwenye daftari la kikao. Naliandika hapa.

Msidhani nasema binadamu huzaliwa mtupu kama gunia jipya. Nimelea watoto saba, na kila mmoja alikuja na yake. Kuna aliyelia kwa kila kitu na kuna aliyeungua mkono akanyamaza. Hakuna aliyechagua wazazi, wala mwaka wa njaa au wa shibe wa kuzaliwa. Ulevi nao, watafiti wanakubali kwamba urithi una mkono mkubwa ndani yake, hata mtu na ndugu yake wakinywa kikombe kilekile, mmoja huondoka na mwingine hubaki kilabuni mpaka kesho. Nayakubali yote hayo. Lakini aliyejua kwamba baba yake aliuawa na pombe ana sababu kubwa kuliko wote ya kutokionja kikombe cha kwanza. Urithi wako ukiujua, umepewa onyo. Ninyi mnaugeuza kuwa ruhusa.

Mjukuu wangu mmoja anasoma chuo hapa mjini. Nilipomsimulia habari ya kikao akaniambia, babu, sayansi imeshaonyesha kwamba hiari ni ndoto. Nikamwambia kaa hapa unieleze polepole. Akanieleza majaribio ya Benjamin Libet wa Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1983. Watu waliambiwa wakunje kiganja wakati wowote wanaotaka, huku wakitazama saa ili waseme ni lini hasa walihisi kutaka. Ikaonekana umeme wa ubongo unaanza kujiandaa takriban nusu sekunde kabla mkono haujasogea, na mtu anahisi "sasa nataka" baadaye, ikiwa imebaki kama moja ya tano ya sekunde. Kwa hiyo, akasema, ubongo umeamua kabla yako. Nikamuuliza: na huyo Libet mwenyewe alisemaje? Akasita, akatafuta kwenye simu. Kumbe Libet alishikilia kwamba katika kipande kile kidogo kilichobaki mtu bado anaweza kuzuia, akasema hapana, na mkono ukatulia. Wataalamu wanabishana juu ya kauli yake hiyo hadi leo. Mimi nilimkumbuka yule kijana na mkasi wake.

Wengine mnakimbilia majaliwa. Suala hili Waislamu wa karne za mwanzo walilibishania sana, wako waliosema mja analazimishwa kwa kila tendo na wako waliosema anajiamulia mwenyewe. Sitalimaliza mimi. Ila katika Surat Ar-Ra'd tunasoma kwamba Mungu habadili hali ya watu mpaka wao wabadili yaliyomo nafsini mwao, na Wakristo katika Mwanzo wanasoma jinsi Kaini alivyoambiwa kuwa dhambi inamwotea mlangoni, naye yampasa aishinde. Aliambiwa kabla hajamuua nduguye.

Mimi nilizaliwa Haubi, Kondoa, kwenye vilima vya Irangi. Utotoni mwangu kule kulikuwa na makorongo ya kummeza ng'ombe na mchungaji wake. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu ulishuka, mchanga ukafunika mashamba ya bondeni. Wazee walisema nchi hii imeumbwa hivyo. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tukauita HADO, na mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote itolewe katika eneo lile lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Baba yangu alilia. Nilikuwa kijana, na sikuwahi kumwona akilia. Tulipoteza maziwa, tukapoteza mahari, na uchungu ule siudharau, kwa sababu hatukuulizwa. Lakini baada ya miaka michache nyasi zikarudi, vichaka vikarudi, korongo nyuma ya nyumba yetu likaota majani kwenye kingo zake. Tulichokiita maumbile ya nchi kilikuwa kwato za mifugo yetu wenyewe na shoka zetu.

Nami nina langu. Mwanangu wa kwanza nilimpiga kwa fimbo ya ng'ombe, kwa sababu baba alinipiga kwa fimbo ya ng'ombe, na nilijiambia ndivyo sisi tulivyo. Siku moja aliinua mkono kujikinga, kiwiko juu na uso chini ya kwapa, na nikaona ndivyo nilivyokuwa nikijikinga mimi. Niliitupa fimbo juu ya paa. Haikuisha siku hiyo. Kwa miaka hasira ilipopanda nilitoka nje, nikalizunguka zizi usiku, jirani wakidhani natafuta mbuzi. Mwanangu ni mtu mzima sasa, na bado nikiinua mkono ghafla hushtuka.

Mengine nayataja tu. Msikope ili mnywe. Msipande pikipiki na hasira. Mkiona mkono unatetemeka, tokeni nje. Msiwaonyeshe watoto wa kiume kwamba kulia ni aibu na kupiga si aibu.

Na ninyi wazee wenzangu, pamoja na akina mama mnaowaambia binti zenu "vumilia, ndivyo alivyo": tumewalea hawa vijana kwa sentensi hiyo, leo wanaturudishia kikaoni na sisi tunaitikia kwa vichwa.

Kikao kitarudi Jumamosi hii, saa tatu, pale pale. Nimeomba maneno ya yule mke yaandikwe ukurasa wa kwanza. Na nimemtumia kijana ujumbe aje na mkasi wake wa kupogolea, kwa sababu nitamwomba apige goti mbele ya watu, aoneshe jinsi anavyosubiri kabla ya kukata.