Uji mwepesi na chai ya rangi havimtoshi mzee wa miaka 85

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie chakula wanachopewa wazee waliovuka miaka 80 majumbani mwetu. Asubuhi chai ya rangi na kipande cha boflo. Mchana wali laini wenye mchuzi kidogo, usiku uji wa sembe mwepesi. Tumbo limejaa, mzee hajalalamika, na nyumba nzima inalala ikiamini bibi amekula. Amejaza tumbo, lakini vitamini na madini aliyopata ni machache mno.

Mtu wa miaka 85 hula kidogo kwa sababu mwili wake unatumia nguvu kidogo. Haja yake ya vitamini na madini mengi haipungui, na mengine hupanda: kalsiamu miligramu 1,200 kwa siku, vitamini D mikrogramu 20. Kijana huzipata kwenye sahani mbili zilizojaa. Bibi anatakiwa azipate kwenye nusu sahani. Sasa tazama kikombe cha uji ule: vijiko viwili vya sembe, maji, sukari. Kalsiamu ni kidogo sana. Vitamini B12 haimo asilani, isipokuwa unga uwe wa kiwandani ulioongezwa virutubishi kama sheria inavyotaka. Unga uliosagwa kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hauongezwi kitu.

Hiyo B12 ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Tatizo ni kwamba tumbo la uzeeni mara nyingi hutoa asidi kidogo, na bila asidi B12 haibanduki kutoka kwenye nyama ili mwili uifyonze. Mzee anayetumia metfomini ya kisukari kwa miaka, au omeprazoli ya kiungulia kila siku, yuko hatarini zaidi. Dalili huanza polepole: ganzi au moto kwenye nyayo, kuyumba anapotembea hasa gizani, ulimi mwekundu uliolainika, kusahau. Watu husema ni uzee. Ikiachwa muda mrefu, mishipa ya fahamu huharibika na haitarudi yote hata akitibiwa.

Hapo kuna kosa linalofanywa kwa nia njema. Mzee amepauka, mtu anamletea vidonge vyekundu vya kuongeza damu vilivyobaki kwa mjamzito. Vidonge vile vina madini ya chuma na foliki, yaani vitamini B9. Foliki inaweza kuipandisha damu na kuficha upungufu wa B12, huku mishipa inaendelea kuoza chini kwa chini. Na kama damu inapotea kwa kidonda cha tumbo au uvimbe kwenye utumbo, vidonge vitachelewesha kugunduliwa kwa ugonjwa wenyewe. Mzee mwenye damu pungufu apimwe kwanza ijulikane imepungukia wapi. Ikithibitika ni B12, zipo sindano, na vipo vidonge vya mikrogramu 1,000 ambavyo hufanya kazi hata tumbo likikosa asidi, kwa kuwa sehemu ndogo ya kiasi hicho kikubwa hupenya yenyewe.

Jikoni nako kuna mengi ya kurekebisha bila gharama kubwa. Uji upikwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, nusu maji nusu maziwa, maziwa yatiwe mwishoni na yachemke kidogo. Vikombe viwili vya maziwa kwa siku, kila kimoja mililita 250, huleta kalsiamu miligramu 600 hivi, nusu ya haja yake, na B12 karibu ya siku nzima. Maziwa yakimsumbua tumbo, mtindi humkaa vizuri zaidi.

Asiye na meno hukimbia nyama na samaki, na hapo dagaa ni msaada mkubwa. Chagua dagaa wakavu wasio na harufu ya kuvunda. Toa vichwa na matumbo, maana ndiko kwenye mchanga na uchungu. Osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu. Wenye chumvi waloweke nusu saa, umwage maji, hasa kama mzee ana presha. Anika wakauke kabisa. Kaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka ukimvunja mmoja alie kau. Akipinda, bado ana maji, na unga wake utaota ukungu. Twanga, chekecha kwa chekeche laini, hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko, utumie ndani ya wiki mbili. Kijiko kimoja cha chakula kwenye uji au mchuzi, mara mbili kwa siku. Mifupa imo humo humo, na ndiyo yenye kalsiamu.

Maini ni mazuri, ila kipande cha gramu 60 mara moja kwa wiki kinatosha. Vitamini A iliyomo ni nyingi mno, na ikizidi kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Anayemeza vidonge vya vitamini mchanganyiko alivyotumiwa na watoto wake walioko ng'ambo asome kwanza kiasi cha vitamini A kilichoandikwa kwenye kopo.

Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji kidogo dakika chache, na maji yake yasimwagwe, kwa kuwa foliki na vitamini C huishia humo. Magadi ya kulainishia maharage yaachwe: huua vitamini B1. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya, kisha yaponde. Kwa kalsiamu, sukuma wiki inauzidi mchicha, kwani mchicha una chumvi zinazoikamata kalsiamu isifyonzwe. Kijiko cha mafuta au karanga za kusaga husaidia mwili kuchukua vitamini A ya majani.

Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula. Huzuia madini ya chuma ya maharage na mboga. Ingoje saa moja baada ya kula. Badala yake, kipande cha papai, pera lililopondwa na kutolewa mbegu, au ndimu juu ya mboga, kwa sababu vitamini C huyasaidia madini hayo kuingia.

Kuhusu jua, wengi huwatoa wazee saa moja asubuhi, na jua la saa hiyo halitengenezi vitamini D ya maana. Linalofaa ni lile ambalo kivuli cha mtu ni kifupi kuliko kimo chake, yaani kuanzia kama saa nne. Mikono na miguu iwe wazi, dakika 15 hadi 20, siku kadhaa kwa wiki, na maji ya kunywa pembeni. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii. Ngozi ya uzeeni hutengeneza kidogo kuliko ya ujanani, kwa hiyo mzee asiyetoka kitandani amwone daktari kuhusu vidonge.

Ombi langu kwa kliniki za presha na kisukari, ambako wazee hawa huhudhuria mara kwa mara: pamoja na kupima presha, wapimwe uzito na mzunguko wa kigimbi kwa futi ya fundi cherehani. Chini ya sentimita 31 misuli imeanza kwisha. Aliyepungua kilo tatu ndani ya miezi mitatu asirudishwe nyumbani na dawa zilezile bila kuulizwa anakula nini. Na nyinyi mnaowasindikiza, bebeni dawa zote anazotumia kwenye mfuko mmoja, mtaje ganzi ya miguu kabla hamjaulizwa.

Afisa lishe,
Tanga