Barua ya wazi: Mheshimiwa, ule ukuta mliotukataza kuugusa umeanguka wenyewe

Kwako Mheshimiwa unayesimamia majengo ya kale,

Salaam, na pole kwa majukumu. Nakuandikia kutoka Kilwa Kivinje, nimekaa kwenye baraza ya jirani kwa sababu yangu imefunikwa na kifusi. Usiku wa Jumanne, masika yakiwa yanamalizia malizia, ukuta wa upande wa bahari ulishuka. Wala haukuanza kwa kishindo. Ulianza kumwaga mchanga kidogo kidogo, kama mtu anayepepeta mchele gizani, kisha boriti tatu zikakatika na dari ikafuata. Wajukuu walikuwa wamelala chumba cha pili. Alhamdulillah.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule mama aliyekuletea dafu siku ulipokuja na msafara wa magari manne. Ulisimama mbele ya mlango wetu wa nakshi, ukaupapasa mfaa, ukapigwa picha, ukatuambia nyumba hizi ni mali ya taifa na hazitaachwa zianguke. Tukapiga makofi. Vijana wako wakapima kuta kwa futi, wakajaza daftari, wakatuachia agizo moja: tusiguse kitu mpaka wataalamu warudi. Tumelitii, Mheshimiwa. Huu ni mwaka wa nne, sijapigilia hata msumari wa kutundikia kanga. Wataalamu wakiwa bado wako njiani, basi safari yao imezidi ile ya misafara ya kale ya biashara kutoka Ziwa Nyasa, na ile ilikuwa ya miguu.

Niruhusu nikukumbushe ni mahali gani unapasimamia. Wageni wote hupelekwa Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, waone msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa, waambiwe msafiri Ibn Battuta alipita pale mwaka 1331. Ni haki yao, na Kisiwani iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Lakini Kisiwani ilipofifia, biashara ilihamia huku bara. Karne ya 19 misafara ilishukia hapa Kivinje na pembe za ndovu, na binadamu waliofungwa minyororo waliokuwa wakisubiri majahazi ya Unguja. Hilo silifichi. Nyumba yetu ni ya enzi hizo, na fedha iliyochomea chokaa yake sipendi hata kuiwaza. Ndiyo maana nataka isimame. Wajukuu wangu nitawaonyesha nini, uwanja wenye magugu? Baadaye wakaja Wajerumani na boma lao, na mwaka 1895 wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, kwenye ule mwembe ulioitwa Mwembe Kinyonga. Kisha wakubwa wakahamia mji wa Kilwa Masoko na mafaili yao. Sisi tukabaki na kuta.

Sasa kwa nini umeanguka? Mimi si mhandisi, lakini marehemu baba alikuwa fundi wa chokaa. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa magogo, na boriti za mikoko. Zinataka kupakwa chokaa kila zikichoka, maji yaliyoingia yapate pa kutokea. Mdogo wangu, kabla ya agizo lenu, aliupiga ukuta ule lipu ya saruji, akidhani anauokoa. Nadhani hapo ndipo unyevu ulipofungiwa ndani na chumvi ikapata kazi. Asubuhi ile niliokota kipande: mbele saruji ngumu kama sahani, nyuma yake chokaa imekuwa unga, unaichota kwa kiganja. Na boriti, mchwa walikuwa wameshamaliza mambo yao. Kwa hiyo kosa ni letu? Lipo letu, sikatai.

Lakini nilikuja ofisini kwenu mara tatu kuomba ruhusa ya kubandua saruji ile na kubadilisha boriti mbili. Mara ya kwanza mhusika yuko semina. Mara ya pili nikaambiwa mikoko haikatwi bila kibali, niende kwa watu wa misitu. Watu wa misitu wakataka barua kutoka kwenu. Mara ya tatu kijana mmoja mpole akanifungulia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, akanieleza kwamba jengo la kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja, la baada ya hapo mpaka litangazwe. Nikamuuliza, mwanangu, la kwetu ni la kabla au la baada? Akasema hilo linahitaji utafiti. Basi nimeelewa. Kwa kukatazwa msumari, nyumba yangu ni ya kale. Kwa kupewa boriti mbili, bado inafanyiwa utafiti.

Juzi, kifusi hakijakauka, alifika mtu wa milango. Hao hawana haja ya utafiti. Alipitisha kidole kwenye nakshi, akagonga ubao mara mbili, akataja bei. Mdogo wangu kanipigia kutoka Dar: dada, tuuze, mlango ule unatupa vyumba viwili vya tofali na bati juu. Simlaumu. Pita mwenyewe mtaa wa ufukweni uhesabu nyumba zenye tundu mahali palipokuwa na mlango. Mlango uko kwenye ukumbi wa mtu mbali huko, na nyumba imebaki malazi ya mbuzi.

Nilikuwa nimeandika maombi mengi hapa, fundi, fedha, hata kibao cha kuwaongoza wageni. Nimeyafuta. Naomba barua moja. Ukurasa mmoja wenye mhuri, unaosema mama huyu aruhusiwe kubandua saruji na kupata boriti za mikoko za kuezeka chumba kimoja. Fedha ya chokaa tutachangishana. Mawe ninayo, yamelala barazani. Barua tu, Mheshimiwa. Hata ukiiandika kwa mkono nitaipokea. Barua.

Mlango tumeung'oa wenyewe usije ukapasuliwa na ukuta uliobaki. Tumeulaza ndani kwa jirani, chini ya turubai. Mtu wa milango amesema atarudi Ijumaa, na safari hii anakuja na gari.

Wako mtiifu, angalau mpaka Ijumaa,

Mama wa nyumba ya ufukweni,
Kilwa Kivinje