Mpwa wangu, acha miji tisa, nenda Andalusia

Mpwa wangu,

Ratiba yako ya miji tisa kwa siku kumi nimeiona. Hiyo ni kazi ya utingo, si matembezi. Chukua siku saba uzimalize Andalusia, kusini mwa Hispania: Sevilla, kisha Córdoba, kisha Granada, kwa treni.

Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, omba kwa Wahispania, kwani kwao ndiko utakakolala siku nyingi. Usikimbilie ubalozi mwingine kwa kusikia kwamba ni mwepesi. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi, nayo ianze siku ile ile unayotua. Tarehe za bima na za ndege zikipishana, umejitafutia usumbufu.

Kabla ya kushika chumba chochote, nunua tiketi ya Alhambra, ngome na majumba ya wafalme wa Kiislamu huko Granada, kisha siku nyingine zipange kuizunguka. Huisha wiki kadhaa kabla. Huandikwa jina na namba ya pasipoti, basi andika majina yako vile vile yalivyo kwenye pasipoti, na siku hiyo uibebe yenyewe, si picha ya simuni. Tiketi ina saa ya kuingia majumba ya Banu Nasri, ukoo wa wafalme hao. Bustani na ngome zinakungoja, majumba hayakungoji. Wengi hufika lango kuu, penye ofisi ya tiketi, wakadhani wamefika, kumbe majumba yako mbali, mwendo wa robo saa hivi. Wewe mwenye tiketi pitia lango la Puerta de la Justicia. Ndani, wewe uliyesoma chuoni utayasoma maandishi ya ukutani bila mkalimani: “Wala ghaliba illa Allah”, yaani hakuna mshindi ila Mungu, yamerudiwa kila pembe, katika mji uliokabidhiwa kwa wafalme Wakatoliki tarehe 2 Januari 1492.

Córdoba usiipite kwa saa mbili. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa mwaka 785, na nguzo zake nyingi zilitolewa kwenye majengo ya zamani. Zilikuwa fupi, ndiyo maana mafundi wakapandisha tao juu ya tao ili dari liinuke. Wanaosema ni urembo tu hawajaziangalia nguzo. Tangu 1236 ni kanisa, na kuswali humo hairuhusiwi, walinzi watakuzuia. Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na nusu hadi tatu na nusu asubuhi, kuingia ni bure kwa wasio na kikundi. Muda ukiisha watu hutolewa.

Sevilla panda Giralda, mnara wa msikiti uliogeuzwa wa kengele. Hauna ngazi ila mwishoni. Ni miteremko 35, magoti hayalalamiki. Hadi Córdoba treni ya kasi ni kama dakika 45. Mizigo hupitishwa kwenye mashine, basi usifike stesheni dakika za mwisho.

Julai na Agosti zikwepe, joto hupita nyuzi 40. Oktoba ni nzuri. Majiko mengi hufungwa kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, kula mapema. Na salmorejo ya Córdoba, supu baridi ya nyanya, huja na vipande vya nyama ya nguruwe juu: sema “sin jamón” kabla haijamiminwa. Vile vibiskuti vya mantecado viache kabisa, vimekandwa kwa mafuta ya nguruwe.