Wiki Utakayobaki na Mbuzi

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi na baba yako hatujambo, ila magoti yake yameanza kulalamika tangu asubuhi ile tulipoamka tukakuta nyasi zote nyeupe kwa jalidi. Nilifurahi mno uliposema kwenye simu kwamba utakuja kutushikia shamba wiki tutakayosafiri. Kisha ukaongeza, "Lakini mama, wakati wa baridi kuna kazi gani? Si kila kitu kimelala?" Nilicheka, nikakuaga, nikatafuta kalamu.

Vingine vimelala kweli. Bustani nimeshaifunga. Vitunguu saumu viko ardhini chini ya tandiko la majani makavu. Karoti nimeziacha palepale zilipoota, maana zikipigwa na baridi hujiongezea sukari, zikawa tamu kuliko zile za kiangazi. Ukizitaka, chimba mchana udongo ukiwa umelegea. Basi, ya bustani yameisha.

Kazi yako itakuwa maji. Kiangazi nafungua koki, navuta mpira, namaliza kabla chai haijapoa. Sasa koki ya nje imefungwa na bomba lake nimelimwaga likabaki tupu, kwa sababu maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, na hakuna chuma cha kushindana nayo. Mwaka juzi nilisahau mpira ukiwa umechomekwa kwenye koki. Nilisahau tu, sina kisingizio. Bomba lilipasuka ndani ya ukuta na hatukujua mpaka siku ya jua, barafu ilipoyeyuka na ukuta ukaanza kutoa machozi. Baba yako hakusema neno, akaenda kutafuta spana. Afadhali angegomba.

Kwa hiyo maji hutoka jikoni, kwa ndoo, asubuhi na jioni, ya vuguvugu. Usiyapeleke baridi ukidhani mbuzi hawajali. Kiangazi walipata maji mengi ndani ya majani mabichi, lakini sasa wanatafuna nyasi kavu tupu, wasipokunywa vya kutosha hupunguza na kula. Yule dume tuliyemhasi ndiye wa kumwangalia zaidi, maana madume wa aina yake hupata vijiwe kwenye njia ya mkojo, na kutokunywa huzidisha hatari. Ukimwona anajikamua, mkojo hautoki, usisubiri kupambazuke. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, namba nimeibandika mlangoni. Ndoo za zizini ni zile nyeusi za mpira. Zikiganda, igeuze ndoo uikanyage kidogo, barafu itachomoka nzima, duara kama kifuniko cha sufuria. Hivi sasa viko vifuniko saba vimeegemea uzio. Sijui kwa nini siwezi kuvitupa.

Saa nazo zitakuchanganya. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, lakini siku hizi saa 1 asubuhi ni usiku wa manane kwa macho, na saa 10 jioni kuku wamekwishapanda kulala. Acha saa, fuata mwanga. Wao hawana saa na hawajawahi kuchelewa.

Sasa kuku. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu nakujua una huruma, na huruma hiyo umeirithi kwangu.

Mwaka wetu wa kwanza hapa, ubaridi ulipoanza kuuma, niliwaonea kuku imani. Nikazunguka banda na matambara na mbao, nikaziba kila tundu, hata yale matundu ya chini ya paa. Nikaingia kulala nimeridhika kama mtu aliyemfunika mtoto. Asubuhi nilipofungua mlango harufu ya mkojo ilinipiga machoni. Dari lote lilikuwa limejaa matone, mengine yameganda kama shanga. Na jogoo alikuwa amesimama pembeni, ncha za upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, zimegeuka rangi, kijivu kwanza, na baada ya siku chache nyeusi tii. Pumzi zao na kinyesi chao vilikuwa vimetoa unyevu usiku kucha, nami nilikuwa nimeufungia ndani pamoja nao. Unyevu ule ndio ulioganda juu ya nyama yake. Ncha zile zilikauka zikadondoka, na mpaka leo upanga wake ni butu. Kila nikimpa punje ananitazama kwa jicho moja.

Kuku ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na juu yake amevaa koti la manyoya. Baridi kavu anaivumilia. Kwa hiyo matundu ya juu yabaki wazi, hata upepo ukivuma, hata roho ikikuuma. Kinachozibwa ni upepo wa chini, ule unaowapiga pale walipolala. Fito zao baba yako amezibadilisha, ameweka mbao pana ili wakilala tumbo lifunike vidole vyote. Usiku wa baridi kali, mpake jogoo mafuta ya mgando kwenye upanga. Wengine wanasema hayasaidii kitu. Mimi nampaka hivyo hivyo, labda ni deni langu tu.

Na ile taa ya kupasha joto uliyoiona stoo, iache stoo. Taa ya moto, maranda makavu, manyoya na vumbi, na kuku anayeruka gizani: sihitaji kumalizia.

Mayai usiyatarajie mengi. Kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hivi kwa siku, na sasa hatupati hata 10. Tungeweza kuwawashia balbu ya kawaida asubuhi kama wanavyofanya wengi, lakini nimekataa. Wametoka kubadilisha manyoya, wamechoka, waache wapumzike. Moja mawili utayapata. Yaokote mapema, kwani yakiganda hupasuka. Lililopasuka mpe mbwa.

Mbuzi utawapenda, na wao watakutumia. Kila mmoja anakula karibu kilo 2 za nyasi kavu kwa siku. Wako wanne, miezi 5 ya kuwalisha ndani, robota moja lina kilo 20 hivi. Nilipiga hesabu hiyo kiangazi kizima nikilala, nikaweka marobota 80 ili nisikose, maana robo yake huishia chini miguuni, mbuzi hali kilichoanguka. Ukiona kila asubuhi wamelalia nyasi za kutosha kuwalisha wengine wanne, usiwakasirikie. Nilishakasirika mimi kwa niaba yetu sote.

Usiku ukiwa mkali, usikimbilie kuwaongezea nafaka. Ongeza nyasi. Yale majani magumu wanayoyacheua huchachuka tumboni na uchachukaji wenyewe hutoa joto, kama lundo la mboji linavyofuka moshi alfajiri. Mbuzi aliyejaza tumbo nyasi amebeba jiko lake. Weka mkono ubavuni kwa mbuzi wetu Bi Mkubwa usiku, upande wa kushoto, utasikia tumbo likinguruma polepole na joto likipanda mpaka kiganjani. Mimi hukaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Bi Mkubwa na bintiye walipandwa wakati majani yanaanguka. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, kwa hiyo watazaa mvua za kwanza za joto zikianza, nasi tutakuwa tumerudi zamani. Ila wasisukumwe mlangoni. Fungua jani moja la mlango, simama kando, wapite mmoja mmoja. Njia ya kutoka hapo huwa barafu tupu. Nimemwaga majivu. Mwaga mengine ukiona inang'aa.

Nyuki ndio rahisi kuliko wote, kazi yake ni kutofanya kitu. Usifungue mzinga hata kidogo. Ndani wamejikunja wote kwa pamoja wakimzunguka malkia, wanatikisa misuli ya mabawa bila kuruka, na hivyo ndivyo wanavyopata joto. Wa nje huingia, wa ndani hutoka, wanapokezana. Madume walishafukuzwa kabla ya baridi, hakuna aliyetaka kuwalisha. Nyuki kibarua wa kiangazi huishi wiki 6 hivi, hawa wa sasa wataishi miezi. Ukifungua kuchungulia umewavunjia nyumba. Tega sikio tu ubavuni mwa mzinga, utasikia mvumo mdogo. Theluji ikiziba mlango wao, ifagie kwa mkono. Siku ya jua ukiona madoa ya njano juu ya theluji mbele ya mzinga na maiti mbili tatu za nyuki, usishtuke wala usinipigie simu. Hawajisaidii ndani, husubiri siku ya joto, na siku hiyohiyo hutoa wafu wao.

Ukishamaliza yote, jioni kabla giza halijashika, funga banda la kuku. Wahesabu ukiwa mlangoni: wako 11 pamoja na jogoo. Ukipata 10 usianze kuhangaika na tochi porini. Nenda stoo ya nyasi, tazama juu ya marobota. Yule mweusi amejiamulia kwamba huko ndiko kwake. Mchukue taratibu, umshike mabawa yasipigepige, umweke kwapani. Atalalamika mpaka mlangoni, kisha atanyamaza mwenyewe.

Mama yako